Nyota wapya Ligi Kuu: Songwe tutapiga makofi mpaka lini?

Msimu wa 2024/25 wa Ligi Kuu uliisha kwa kishindo cha wageni, tena wageni wapya. Jean Charles Ahoua alitua Msimbazi mwaka 2024 akitokea Ivory Coast, mabingwa wa kubisha wakasema huyo atasugua benchi. Ligi ilipofungwa ndiye aliyekuwa mfungaji bora, mabao 16, msimu wake wa kwanza kabisa! Jonathan Sowah, Mghana, yeye aliingia kwa dirisha dogo Januari 2025, wenzake wakiwa wamekwishacheza nusu ya ligi. Akaifungia Singida Black Stars mabao 13. Nusu msimu! Kuna washambuliaji wa nchi hii wamechezea Ligi Kuu miaka mitano na hayo hawajayafikisha.

Hayo ndiyo mazungumzo ya vijiweni kwetu, kuanzia pale mpakani Tunduma hadi Mlowo na Vwawa. Mimi sina ugomvi nayo. Mtu akicheza mpira apigiwe makofi, awe katoka Abidjan au katoka mwezini. Ugomvi wangu ni mwingine. Kila mwaka dirisha la usajili linafunguliwa, majina mapya yanamwagwa magazetini, vijana wetu wanayakariri kama jedwali la hesabu, na hakuna anayeuliza: katika orodha hiyo, jina la kijana wa Songwe liko wapi?

Wapo watakaosema wageni wametubana. Ni kweli, kanuni za misimu ya karibuni zimeruhusu klabu kusajili hadi wageni 12, na nafasi zimepungua. Lakini tazameni tena orodha ileile ya wafungaji wa 2024/25. Nyuma ya Ahoua yupo Clement Mzize wa Yanga, mabao 14. Mtanzania, kijana mdogo, kwenye timu iliyojaa wageni wa bei mbaya! Huyo alitokea timu ya vijana ya Yanga, makocha wakamwona mazoezini kila siku, akapandishwa. Au mchukueni Mbwana Samatta. Kabla hajawa Samatta huyu wa magazeti alikuwa kijana wa Mbagala, na Mbagala kulikuwa na timu, Mbagala Market, ambayo baadaye ikaitwa African Lyon. Simba wakamchukua 2010, mwaka uliofuata yuko TP Mazembe, Januari 2016 yuko Genk, Januari 2020 yuko Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Sasa niambieni, Mbagala kusingekuwa na timu ya karibu ya kumwonyesha, Simba wangemjulia wapi?

Na hapo ndipo sisi tulipokwama. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016. Una zaidi ya watu milioni 1.3 kwa sensa ya 2022. Tangu uanzishwe haujawahi kuwa na timu Ligi Kuu. Hata msimu mmoja wa kupanda na kushuka! Njombe, mkoa wenye watu wachache kuliko sisi, walipata msimu wao 2017/18 kupitia Njombe Mji. Walishuka, ndiyo, lakini walionja. Kijana wa Tunduma akitaka kuiona mechi ya Ligi Kuu kwa macho yake inabidi apande gari kama kilomita 100 kwenda Sokoine, Mbeya. Asipokuwa na nauli anakaa kwenye banda la video, analipa kiingilio, anamshangilia Mzambia.

Naam, Mzambia! Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Clatous Chama alikuja Simba 2018. Msimu wake wa kwanza tu Desemba 2018 akaiua Nkana ya kwao huko huko Zambia kwa bao la kisigino dakika za mwisho pale Taifa, na Machi 2019 akaifunga AS Vita ya Kongo, tena mwishoni, Simba ikatinga robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2023 Yanga nao wakamleta Kennedy Musonda kutoka Power Dynamos. Wazambia hawa wanakwenda Dar es Salaam kwa ndege, wanapita juu ya vichwa vyetu sisi tunaokaa ukutani kwa Zambia. Kutoka Tunduma kwenda Nakonde ni hatua chache tu, kijana anaweza kunywa chai Tanzania akala ugali Zambia. Na hiyo Nakonde tunayoiona kama soko la kwenda kununua bidhaa, timu yake ya Real Nakonde ilikwishafika Ligi Kuu ya Zambia. Sisi wenye malori na mageti, wenye mji wa watu zaidi ya laki mbili, tuna nini?

Msinielewe vibaya, sisemi Songwe hakuna vipaji. Ushahidi upo na wakubwa wanaujua. Mwaka 2015 Yanga walimsajili winga ambaye Dar es Salaam nzima ilikuwa haijamsikia, Geoffrey Mwashiuya. Alitokea wapi? Kimondo FC ya Mbozi! Wakati huo bado tulikuwa tunahesabiwa Mbeya. Kijana hajawahi kugusa Ligi Kuu, anatoka Daraja la Kwanza moja kwa moja hadi Jangwani, kwa bingwa mtetezi. Dirisha hilo hilo Yanga wakambeba na Deus Kaseke wa Mbeya City. Watu wawili wa pembeni kutoka Nyanda za Juu Kusini wakaenda kugombea namba na Simon Msuva, ambaye msimu uliotangulia alikuwa mfungaji bora wa ligi. Yanga hiyo ikatwaa ubingwa 2015/16, ikatwaa tena 2016/17.

Nakumbuka jinsi jina la Mwashiuya lilivyowapa watu raha huku kwetu. Kila alipogusa mpira kwenye televisheni banda zima lilikuwa linapiga kelele. Mtu mmoja tu! Mkoa mzima ulikuwa unaishi kwa mtu mmoja.

Na Kimondo yenyewe je? Msimu wa 2015/16 ilikuwa Daraja la Kwanza kundi moja na Ruvu Shooting, Lipuli ya Iringa na Njombe Mji. Fuatilieni wenzake hao. Ruvu Shooting walipanda 2016. Lipuli na Njombe Mji wakapanda 2017. Kimondo haikupanda. Walioanza nayo mbio wote walifika, yenyewe ikaachwa njiani, tena ikiwa imekwishatoa mchezaji kwa bingwa wa nchi. Timu hiyo ilibeba jina la lile jiwe letu lililoanguka kutoka angani, kimondo cha Mbozi, tani 12 za chuma. Jiwe bado lipo pale Marengi. Nadhani lipo kwa sababu ni zito. Lingekuwa jepesi lingekwishasajiliwa Dar es Salaam!

Majirani zetu wa Mbeya nao wana kilio chao, na ni vizuri vijana wa Songwe wakakisoma kwa makini kwa sababu tukipanda kesho yatatukuta hayo hayo. Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji, iliingia Ligi Kuu msimu wa 2013/14. Wachezaji wake karibu wote walikuwa hawajulikani. Kocha Juma Mwambusi, mtu wa huko huko. Kina Kaseke, Mwagane Yeya, Paul Nonga, Peter Mwalyanzi. Watoto hao wakamaliza ligi wakiwa nafasi ya tatu, nyuma ya Azam ambayo haikufungwa msimu mzima na nyuma ya Yanga. Simba, Simba hiyo ya Msimbazi, ikamaliza ya nne! Sokoine ilikuwa inafurika, mabasi ya mashabiki wa zambarau yanaifuata timu mpaka mikoani. Hakuna mgeni hata mmoja aliyehitajika kwa kazi hiyo.

Baadaye ikawaje? Kaseke akaenda Yanga. Mwalyanzi akaenda Simba. Mwambusi mwenyewe akaenda Yanga kuwa msaidizi wa Hans van der Pluijm. Timu ikabaki inapigania kutoshuka, mpaka Juni 2023 Mashujaa ya Kigoma ikaishusha katika mechi za mchujo, na ikachukua mpaka 2025 kurudi. Mimi simlaumu mchezaji anayefuata maslahi. Hata wewe msomaji ungeitwa Jangwani ungeondoka usiku bila kuaga. Ninachouliza ni hiki: kila alipoondoka mmoja, nyuma yake alikuwa anakuja nani? Tukuyu Stars walifanya kubwa zaidi mwaka 1986, wametoka tu kupanda wakachukua ubingwa wa Bara, na Rungwe ikamtoa mtu kama Sekilojo Chambua aliyeng'ara Yanga miaka ya tisini. Leo Tukuyu Stars mnaisikia wapi? Inasimuliwa na wazee kwenye misiba.

Sasa njooni kwa Ihefu, hapo ndipo penye kichekesho chenyewe. Ihefu ni ya Mbarali, timu ya mashamba ya mpunga. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga waliingia pale Highland Estates wakiwa na mechi 49 za ligi bila kufungwa. Wakatoka wamefungwa 2-1, Never Tigere na Lenny Kissu. Nchi nzima ikasimama! Oktoba 2023 Yanga wakarudi, wakafungwa tena 2-1 palepale. Mnadhani timu ya namna hiyo ililindwa kama mboni ya jicho? Mwaka 2024 ikahamishiwa Singida. Msimu uliofuata ikabadilishwa na jina, ikawa Singida Black Stars.

Singida Black Stars! Mmeliona hilo jina mwanzoni mwa makala hii. Yale mabao 13 ya Sowah yalifungwa kwa nafasi iliyopiganiwa na watu wa Mbarali. Mkulima wa mpunga aliyesimama juani kushangilia Ihefu ikipanda daraja aliamka asubuhi akakuta timu yake ina jina la mkoa wa watu wengine. Hakuulizwa. Wenye pesa waliongea na wenye pesa.

Naona vigogo fulani wa kwetu wameanza kuunong'oneza mtindo huo huo kama dawa: Songwe nasi tutafute tajiri, tununue timu ya mtu, tuihamishie Vwawa, tuipake rangi. Mimi nasema hapana. Timu iliyokuja kwa lori itaondoka kwa lori, na Tunduma mnajua malori yanavyoondoka. Timu ya kununuliwa inakuja na wachezaji wake, kocha wake na meneja wake. Kijana wa Sogea au wa Majengo atabaki pale pale alipokuwa, nje ya uzio, anauza maji ya chupa.

Tuzungumze viwanja, maana bila kiwanja haya yote ni hadithi. Viwanja vikubwa vya ukanda wetu, Sokoine ya Mbeya, Samora ya Iringa, Majimaji ya Songea, vyote ni mali ya CCM. Vilijengwa enzi za chama kimoja, wananchi wakichangishwa na kuitwa kwenye kazi za kujitolea, wakati huo hakuna aliyekuwa na chama kingine cha kuchagua. Mwaka 1992 vyama vingi vikaja, viwanja vikabaki na wenyewe. Leo timu ya halmashauri, inayoendeshwa kwa kodi ya kila mtu, ikitaka kucheza inakuwa mpangaji wa chama. Mpangaji hawezi kuweka nyasi kwenye nyumba ya mtu! Songwe tuna bahati moja ambayo wenzetu hawana. Mkoa wetu ni mpya, tunaweza kuanza kwa haki: uwanja wa halmashauri, hati ya halmashauri, usio wa chama chochote, hata hiki kinachonipa ukurasa huu. Tunduma kuna kata inaitwa Uwanjani. Jina tunalo.

Mtaambiwa fedha hakuna. Hapo ndipo mimi huwa nacheka. Tunduma ni lango la Zambia na la shehena za Kongo, tuna kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa na marais wawili, Magufuli na Lungu, Oktoba 2019. Foleni ya malori tunaijua urefu wake, vumbi lake tunalivuta sisi. Ushuru wa forodha ni wa taifa, sikatai, hauingii kwenye mfuko wa halmashauri. Lakini sikilizeni kichekesho kingine. Mwaka 2025 timu ya Tabora United ilibadilishwa jina ikaitwa TRA United, jina la Mamlaka ya Mapato. Kumbe mapato na mpira vinaweza kukaa meza moja! Makontena yanakaguliwa Tunduma, mpira unadundwa Tabora.

Halmashauri nayo ina vyanzo vyake: masoko, maegesho, leseni, mazao. Kwa sheria asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inatakiwa kukopeshwa vikundi, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Nne, nne, mbili! Serikali yenyewe imepanga kikosi kwa mfumo wa zamani wa makocha wa Kiingereza, halafu inasahau kutupa mpira. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Kikundi cha vijana kikiomba bodaboda kinaeleweka. Kikiomba kuendesha kituo cha soka kinaonekana kinataka kucheza. Wakati Ahoua na wenzake wanalipwa mishahara kwa "kucheza" huko!

Na si porojo, biashara yenyewe ina kanuni zilizoandikwa. FIFA inataka kila mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei igawiwe kwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Msimu mmoja wa miaka 12 hadi 15 ni robo ya asilimia, msimu mmoja wa 16 hadi 23 ni nusu asilimia. Tufanye hesabu ya kijiweni. Kijana akae klabu ya Tunduma misimu minne, kuanzia 16 hadi 19, kisha apite Dar es Salaam, na siku moja auzwe kutoka klabu moja ya nje kwenda nyingine kwa dola milioni moja. Klabu ya Tunduma inadai asilimia 2, yaani dola 20,000. Hata kama imepita miaka, hata kama alikwishawasahau! Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu ya kugawa malipo hayo.

Lakini inadai kwa karatasi. Klabu iwe imesajiliwa, mchezaji awe amesajiliwa kwenye mfumo, tarehe ziwepo. Vijana wetu wanacheza chandimu mpaka wanafika miaka 19, hawana kadi, hawana cheti cha kuzaliwa, timu yenyewe ina katibu anayeandika nyuma ya daftari la duka. Anatokea wakala na gari la vioo vyeusi, anatoa jezi seti moja na mipira miwili, anaondoka na mtoto wa watu. Miaka kumi baadaye hakuna rekodi kwamba mtoto huyo aliwahi kupita Tunduma. Viongozi wa soka wa mkoa kazi hii haihitaji bajeti ya ndege wala kikao cha posho. Inahitaji orodha, picha na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa miaka 12. Imeshindikana nini?

Kuna wazazi wanaosoma hapa nao niwaguse kidogo, maana wengine wanamchapa mtoto kwa kurudi na miguu ya vumbi, halafu jioni wanalipia king'amuzi kumtazama mtoto wa mwenzao. Tuyaache hayo, ni ya nyumbani.

Kwenu vijana. Kila mwaka kabla ya Julai madiwani wanakaa kupitisha bajeti, na vikao vya baraza viko wazi kwa mwananchi kuingia na kusikiliza. Nendeni. Jazeni viti vya nyuma kama mnavyojaza banda siku ya Simba na Yanga, mkae kimya mkisikiliza nani anataja mpira na nani hautaji. Kabla ya hapo mkamateni diwani wenu mtaani, awe wa chama gani, mumwulize vitu vitatu tu. Eneo la uwanja wa mji limepimwa, na hati yake ina jina la nani? Ligi ya vijana chini ya miaka 17 imetengewa shilingi ngapi? Na Mwashiuya wa mwaka huu, huyo mwenye miaka 14 anayekimbia pembeni pale Mpemba, amesajiliwa klabu gani?